Mkono Mtupu Siku ya Krismasi

Kalenda ya kanisa inatuambia kwamba majuma manne kabla ya Krismasi ni Majilio, majira ya kungoja na kutubu. Kitambaa cha madhabahu hugeuka zambarau, na masomo ya Jumapili hutuletea Yohana Mbatizaji na maneno yake makali kutoka nyikani. Lakini iko kalenda nyingine inayotembea sambamba na hiyo, nayo tunaijua bila kufundishwa kipaimara. Ni kalenda ya Kariakoo, ya masoko ya Moshi na Arusha, ya maduka makubwa yanayobandika pamba dirishani ili ifanane na theluji wakati watu nje wanafuta jasho. Kalenda hiyo haingoji mtu. Vikundi vya vicoba huvunja na kugawana akiba, marobota ya mitumba hufunguliwa alfajiri, mafundi cherehani huanza kukataa kazi, na nauli ya basi huwa habari ya mjini. Mkristo wa kawaida anaishi katika kalenda zote mbili kwa wakati mmoja, na mara nyingi ile ya pili ndiyo inayomwamsha usiku akipiga hesabu.

Ndiyo sababu katika majira haya mchungaji huulizwa swali moja kwa namna nyingi. Mama anauliza akicheka, kijana anauliza akitaka kumtega mchungaji, mzee anauliza akiwa tayari na jibu lake: je, manunuzi haya yote ni dhambi?

Ziko njia mbili rahisi za kujibu. Ya kwanza ni kupanda mimbarani na kukemea tamaa, anasa na mavazi. Mahubiri ya namna hii ni mepesi kuandaa, na washarika huyapenda, kwa maana kila mmoja anayasikiliza akimfikiria jirani yake. Njia ya pili ni kubariki kila kitu. Bwana alikwenda arusini Kana, mamajusi walileta dhahabu, basi wapendwa, furahini na mnunue. Njia zote mbili zina maandiko yake. Lakini yeyote aliyewahi kukaa na familia moja kuanzia Desemba hadi Februari anajua kwamba zote mbili zinaruka jambo lenyewe.

Tuanze na kile ambacho hatuna ruhusa ya kukikataa. Katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, Luther anapoeleza ombi la mkate wa kila siku, haishii kwenye unga na maji. Anataja mavazi na viatu, nyumba, shamba, mifugo, fedha, hata marafiki wema na majirani waaminifu. Wengi wetu tulikariri orodha hiyo tukiwa na miaka kumi na minne bila kuona ajabu yake. Viatu vimo ndani ya Sala ya Bwana! Mtoto anayetamani viatu vipya vya Krismasi anatamani kitu ambacho kanisa letu limemfundisha kumwomba Mungu. Tena Luka, anaposimulia kuzaliwa kwa Bwana, jambo la kwanza analosema ambalo mama alimtendea mtoto wake ni kumvika nguo (Luka 2:7). Mchungaji anayedharau nguo za mtoto siku ya Krismasi afikirie anasimama upande gani wa hori.

Wala Luther hakuwa mgeni katika mambo ya soko. Mwaka 1524 aliandika kitabu juu ya biashara na riba. Anakiri ndani yake kwamba kununua na kuuza ni kazi ya lazima, inayoweza kufanywa kwa namna ya Kikristo. Hata mababu wa imani waliuza ng'ombe, sufu, nafaka na maziwa. Anachokipinga ni ile kanuni ya mfanyabiashara kwamba naweza kuuza kwa bei yoyote ninayoweza kuipata, kana kwamba shida ya mnunuzi ni shamba langu la kuvuna. Vilevile analalamika kwamba soko la Frankfurt linainyonya Ujerumani fedha yake kwa ajili ya hariri na manukato kutoka Calicut, vitu ambavyo kwa maoni yake vilikuwa vya kujionyesha tu. Ninaposoma hapo huwa natabasamu. Njia ile ya baharini kwenda Calicut ilikuwa imefunguliwa mwaka 1498, na rubani aliyemvusha Vasco da Gama alipatikana Malindi, hapa kwetu. Kumbe lawama za mchungaji dhidi ya bidhaa za nje zina umri wa miaka mia tano, na pwani yetu imo ndani ya habari hiyo tangu mwanzo. Bidhaa hazikuisha kwa sababu ya lawama.

Kwa hiyo kitu chenyewe si adui. Katika Katekisimo Kubwa, Luther anaeleza amri ya kwanza kwa kusema kwamba mungu wa mtu ni kile ambacho moyo wake unakiegemea, na kwamba mungu anayeabudiwa na wengi kuliko wote duniani ni mali. Maneno hayo tunayajua, lakini kwa kawaida tunayaelekeza kwa tajiri. Tunamwona mtu mwenye gari kubwa na kusema, yule moyo wake uko kwenye mali. Mimi nimeanza kuona kwamba katika sikukuu zetu anayebanwa zaidi na mungu huyu ni yule ambaye hana kitu.

Nieleze kwa mfano wa kwetu Kilimanjaro, kwa kuwa ndio ninaoujua. Kila Desemba mlima huita watoto wake. Watu wa Dar es Salaam, Dodoma, Mwanza na Nairobi hupanda mabasi na magari madogo na kurudi kihambani kwa wazazi. Wengine hututania kwa jambo hili, nasi tunakubali utani. Lakini tuangalie kilichomo kwenye mabegi. Mna sukari, mchele, mafuta ya kupikia, blanketi la bibi, kitenge cha mama, koti la baba, nguo za watoto wa ndugu aliyebaki nyumbani. Mtu asiyetujua angesema huo ni ulafi wa kununua. Si kweli. Blanketi lile ni barua. Linasema: nimefika salama, mji haujanimeza, sijawasahau. Bibi atalikunjua mbele ya wageni, atalisifu kuliko thamani yake, kisha ataliweka sandukuni na kuendelea kujifunika lile la zamani. Ulinzi wa kweli aliokuwa akiuhitaji si wa baridi.

Ndivyo ilivyo hata kwa mbuzi. Katika mila zetu nyama ya mbuzi haigawanywi kiholela. Kila kiungo kina mwenyewe, na mtu akipewa sehemu yake amepewa nafasi yake katika ukoo. Vitu kwetu vimekuwa lugha ya undugu tangu zamani, kabla ya dukani na kabla ya wamisionari. Anayetuambia tuache vitu tubaki na mambo ya kiroho tu hajui kwamba anatuambia tunyamaze.

Lakini lugha ikishakuwa ya vitu, asiye na vitu anakuwa bubu. Hapo ndipo moyo wangu unapogawanyika.

Tunayo methali tunayoitumia kwa mzaha: mkono mtupu haulambwi. Katika maisha ya kila siku ni methali ya busara, inayomfundisha mtu asiende ugenini hivi hivi. Katika Desemba inageuka kuwa sheria, na sheria hiyo inahukumu. Yuko kijana wa mjini ambaye biashara yake ya kuuza vocha na soksi haikwenda vizuri mwaka huo. Anayo nauli, pengine, lakini hana cha kubeba. Anampigia mama yake simu na kusema kazi zimembana, atakuja Pasaka. Mama anajua. Anajibu, "Haya mwanangu, Mungu akubariki," na hakuna kati yao anayesema neno lililo wazi kwa wote wawili, kwamba mama angemtaka hata angekuja na soksi miguuni tu. Pengine na Pasaka haji. Nimeshiriki mazishi ambapo ndugu walirejea na mabegi mazuri nyumbani kwa mzazi ambaye kwa miaka minne walikuwa wakingoja wapate kwanza ndipo waende kumwona.

Jambo hilohilo liko ndani ya kanisa, na hapa naomba ndugu msomaji univumilie. Siku ya Krismasi kanisa hujaa hadi watu wanakaa nje kwenye viti vya plastiki. Tunafurahi, na mweka hazina anafurahi. Lakini wazee wa kanisa wanaowajua washarika wao kwa majina wataniunga mkono nikisema kwamba zipo nyuso za kila Jumapili ambazo siku hiyo hazionekani. Mara nyingi ni za watoto. Mtoto amekuja shule ya Jumapili mwaka mzima, amejifunza wimbo wa wachungaji wa kondeni, na siku yenyewe anabaki nyumbani kwa sababu gauni ni lile la mwaka jana na wenzake watalitambua. Wakati mwingine si mtoto anayekataa, ni mama anayeona heri mtoto alie nyumbani kuliko achekwe kanisani. Naye mama huyo si mtu wa tamaa. Anampenda mtoto wake.

Yakobo aliliona hili mapema. Anawauliza wasomaji wake itakuwaje akiingia kwenye kusanyiko mtu mwenye pete ya dhahabu na mavazi mazuri, na akaingia pia maskini mwenye nguo chafu, nao wakampa mmoja kiti na mwingine wakamwambia asimame kule (Yakobo 2:2-4). Sisi tumekwenda mbele kuliko kusanyiko la Yakobo, maana kwetu hakuna anayehitaji kumwambia maskini akae wapi. Amejipangia mwenyewe kutokuja.

Tena haya yanatokea katika sikukuu ya namna gani! Luka anaandika kwamba Yusufu na Mariamu walipompeleka mtoto hekaluni walitoa sadaka ya ndege wawili (Luka 2:24). Anayefungua Walawi 12:8 anaona maana yake: hiyo ilikuwa sadaka ya mama ambaye hakuweza kumpata mwanakondoo. Mambo mawili yanajitokeza hapo. La kwanza, Bwana wetu aliingia nyumbani mwa Baba yake kwa bei ya chini kabisa iliyoandikwa. La pili, ambalo huwa tunalipita haraka, ni kwamba Sheria yenyewe ilikuwa imeandika bei hiyo. Musa hakuacha jambo hili kwa huruma ya kuhani wa zamu. Mwenye mkono mfupi alikuwa na njia yake halali ya kuingia bila kukopa kondoo.

Kwa maana njia ya kukopa ipo, na Desemba ipo wazi mchana na usiku. Watu wameiita mikopo ya kausha damu, na jina hilo halikutungwa na wanatheolojia. Mkopaji, mara nyingi mama mwenye genge au banda la chakula, huchukua fedha ya sikukuu bila maswali mengi, kisha huanza kurejesha kila siku au kila juma, auze asiuze. Upo na ukopaji wa kwenye simu, ambao hauhitaji hata kumtazama mtu usoni. Mwaka 2024 Benki Kuu ililazimika kutangaza orodha ya wanaokopesha kwa njia hiyo bila leseni. Januari inapofika, shule zinafunguliwa. Tangu 2016 ada imeondolewa katika shule za serikali za msingi na sekondari hadi kidato cha nne, lakini sare hazikuondolewa, wala madaftari, viatu na begi. Mama yule anasimama kati ya deni la gauni lililokwisha kuvaliwa na sare ambayo bado haijanunuliwa. Mchungaji anayemwita mlafi hajamwelewa. Alichonunua mama si gauni. Alinunua mtoto wake ahesabiwe kuwa mmoja wa watoto.

Hapo ndipo ninapoona jambo hili linagusa kiini cha imani yetu, si pembezoni. Sisi Walutheri tunajulikana kwa fundisho moja, kwamba mtu huhesabiwa haki mbele za Mungu kwa neema, bila kuleta kitu. Karatasi ya mwisho iliyokutwa baada ya Luther kufa mwaka 1546 ilikiri kwamba sisi ni ombaomba. Mwalimu wa kanisa, mwenye vitabu rafu kwa rafu, alimaliza kwa kusema mkono wake ni mtupu. Kama hilo ni kweli, basi methali yetu ni kweli mahali pote isipokuwa mahali pamoja, na mahali hapo pamoja ni kanisani siku ya Krismasi. Tukikiri neema kwa midomo na kuweka mavazi kuwa kiingilio kwa macho yetu, mtoto ataamini macho.

Ni sawa kuuliza: je, basi tuvae vibaya kwa makusudi? Sipendi jibu hilo. Katika Yohana 12 Mariamu anamwaga marhamu ya thamani ya dinari mia tatu, karibu mshahara wa mwaka mzima wa kibarua, na aliyepiga hesabu za maskini siku ile alikuwa Yuda. Kuna gharama ambayo ni upendo tu, na mwenye kuipigia hesabu amekosa kuona. Mzazi anayemnunulia mtoto gauni jekundu lenye maua kwa fedha aliyoiweka kidogo kidogo tangu Agosti sitamfundisha kiasi.

Tena tuna mazoea yetu ya kununua ambayo soko haliwezi kuyaeleza. Baada ya ibada, katika sharika zetu nyingi, hufanyika mnada wa sadaka za mali. Mkungu wa ndizi, jogoo, mayai, miwa, vyote vilivyoletwa madhabahuni vinanadiwa nje. Jogoo ambaye sokoni angeuzwa elfu kumi na tano hufika elfu hamsini, na aliyemnunua anasema apewe bibi fulani, au anamrudisha anadiwe tena. Mwalimu wa uchumi angesema watu hawa hawajui kununua. Wanajua sana. Bei pale imeacha kuwa kipimo cha kitu na imekuwa njia ya kutoa, na bibi aliyeleta mayai matatu ameona mayai yake yakishangiliwa. Nakubali kwamba na mnada una upande wake mbaya. Mnadi akizidisha utani, akaanza kuwataja watu kwa majina na kuwauliza mbona wamenyamaza, tumerudi palepale kwa mkono mtupu. Lakini ukifanyika vizuri ni moja ya mambo mazuri tuliyo nayo, na sijaona kitu kama hicho katika vitabu nilivyosoma chuoni.

Yohana Mbatizaji, yule wa Majilio, alipoulizwa na makutano wafanye nini, hakuwaambia wavue nguo. Alisema mwenye kanzu mbili ampe asiye na kanzu (Luka 3:11). Hesabu yake ni ndogo na inaudhi, kwa sababu haituruhusu kujadili utamaduni wa matumizi kwa ujumla. Inauliza kuna kanzu ngapi katika kabati lipi, na mtaa gani kuna mtoto asiye nayo.

Katika usharika mmoja ninaoufahamu jambo hili lilifikishwa kwenye baraza la wazee. Mzee mmoja alipendekeza kwamba watoto wote waje ibada ya Krismasi na sare mpya za shule. Wazazi watakuwa wamenunua kitu kimoja kwa kazi mbili, Januari itakuwa imepungua uzito, na hakuna mtoto atakayemcheka mwenzake. Wengi waliona ni hekima. Ndipo akasimama mama mmoja, fundi cherehani, mzee wa kanisa naye, akasema, "Mchungaji, na wewe mzee wangu, samahani. Sare watanunua zimeshonwa tayari dukani mjini. Magauni ya Krismasi ndiyo yanayonilipia ada ya binti yangu chuoni. Mkiyafuta, mmemsaidia mtoto wa jirani kwa fedha ya mtoto wangu." Hakuna aliyekuwa na jibu la haraka. Mwalimu wa shule ya Jumapili akaongeza kwamba amewauliza watoto, na mmoja amemwambia sare ni ya shule, na Krismasi si shule.

Baadaye likatoka wazo lingine: usharika ununue vitambaa kwa jora kutoka fungu la diakonia, mama yule na mafundi wenzake washone kwa malipo, na magauni na mashati yatolewe kupitia kwa wazee wa mitaa, usiku, bila kutangazwa madhabahuni wala kupigwa picha. Mweka hazina aliuliza fedha zitatoka wapi. Mwingine akauliza ni nani atakayeandika orodha ya watoto, na kama orodha hiyo yenyewe haitakuwa aibu mpya. Swali la pili liliwashinda. Shauri limeahirishwa hadi kikao cha Septemba, kabla mafundi hawajaanza kupokea kazi.